Magharibi ya Tabora na Magharibi ya Kisangani

Bi. Zuhura alifariki Isevya, Tabora, alfajiri ya Jumatano, na kabla hata maiti haijatoka nyumbani wajukuu zake walikuwa wameshaanza kubishana kwenye simu kama bibi yao alikufa Jumatano au Jumanne. Yule wa Kanada alipata habari akijiandaa kulala, kalenda ya kwao ikiwa bado Jumanne. Yule wa Muskati alikuwa ameshaamka na chai yake iko jikoni. Kila mmoja alitazama simu yake, na kila simu ikamwambia mwenyewe kwamba ana haki. Ubishi wenyewe haukuwa wa kipuuzi, maana walitaka dua ya arobaini isomwe siku moja popote walipo. Mwanaisha, binti mkubwa wa marehemu, ambaye sasa naye ni bibi mwenye magoti yanayouma, alinipa simu yake pale mkekani tulipokaa wanawake. "Bi. Leokadia, wewe ndiye fundi wa mambo haya," akasema. "Waambie, mimi nimechoka." Nikawaandikia kwamba bibi yao alikufa mara moja tu, na kwamba siku ya kifo huitwa kwa jina la pale alipofia, kwa hiyo ni Jumatano. Wakakubali, nami nikarudisha simu.

Nimeandika programu za kompyuta maisha yangu yote ya kazi, tangu enzi za kadi za kutoboa Dar es Salaam mpaka macho yaliponikatalia, na kama kuna jambo lililonigombanisha na vijana niliowafundisha ni saa. Kijana anachukua saa iliyoandikwa Mwanza na saa iliyoandikwa London, anazilinganisha namba kwa namba kama anayelinganisha mafungu ya nyanya, halafu anashangaa kwamba barua imejibiwa kabla haijaandikwa. Nikimuuliza, "Hii ni saa ya wapi?" ananitazama kana kwamba nimemuuliza kabila la namba. Wengi walidhani nimejifunza ukali huo vitabuni. Sikuupata vitabuni. Niliupata katika nyumba hiyo hiyo tulimokuwa tunamlilia Bi. Zuhura, mwaka nilipokuwa mpangaji humo, msichana wa Kikatoliki katika nyumba ya Waislamu, enzi ambazo redio ilihimiza vijiji vya ujamaa kuanzia asubuhi na kila usiyemjua ulimwita ndugu.

Mwaka ule nilikuwa nimeajiriwa kituo cha hali ya hewa, kule uwanja wa ndege. Kazi ilikuwa kusoma vipimajoto ndani ya kisanduku cheupe, kupima mvua ikiwapo, kutazama mawingu, na kubadilisha kadi chini ya tufe la kioo ambalo jua lililitumia kuunguza mstari mwembamba kutwa nzima. Kisha tulituma habari zetu kwa redio. Siku ya kwanza niliona saa ya ukutani iko nyuma kwa saa tatu nzima, nikamwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba saa yao imekufa. Akacheka, lakini hakunidharau. "Ndugu Leokadia, hiyo nzima," akasema. "Hiyo ni saa ya Greenwich. Sisi tunapima kwa hiyo, Nairobi wanapima kwa hiyo, Wazaire kwa hiyo, mpaka Wajapani. Kila mtu akipima kwa saa ya nyumbani kwake, nani atajua wingu lipi lilitangulia?" Jibu hilo lilinikaa. Nilikuwa msichana wa maswali, na ilinifurahisha kupita kiasi kujua kwamba wakati natoka na daftari langu uani, watu nisiowajua, wengine kwenye theluji na wengine kwenye giza, walikuwa wakitoka na madaftari yao kwa pamoja.

Nyumbani Isevya Greenwich haikuwa na mamlaka. Nyumba ilikuwa ya Mzee Feruzi, na ndani yake muda ulipimwa kwa adhana, iliyotolewa kwa koo tupu maana kipaza sauti hakijafika. Mkewe, Bi. Mwajuma, aliweka maharage jikoni baada ya adhuhuri, alianua nguo alasiri, na mtoto wa jirani alizaliwa "baina ya magharibi na isha," basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Hata siku yenyewe ilianza jua linapozama. Alhamisi jioni, adhana ya magharibi ikishatoka, tayari ulikuwa usiku wa Ijumaa na watu walitoa Yasini zao. Mimi niliyezoea siku inayozaliwa katikati ya usiku nilichelewa kuelewa, lakini nilipoelewa nikaona nao wana haki, kwa sababu jua linaonekana na katikati ya usiku haionekani. Bi. Mwajuma naye aliifanya saa ya kazini kwangu kuwa kichekesho chake. Nikirudi saa tisa alasiri aliniuliza, kabla hata sijavua viatu, "Huko kwenu saa hizi saa ngapi?" Nikamjibu ni saa sita mchana. "Basi rudi," akasema, "hujamaliza kazi." Kisha akanipakulia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga.

Vyumba vya nyumba ile viligawanywa kwa kuta ambazo hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kikohozi cha mtu mmoja kilikuwa cha watu wote. Ndivyo nilivyomjua Mzee Feruzi, zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Jioni alizungumza na mwanawe Athumani, fundi cherehani aliyeshonea barazani, na mazungumzo yao yaliishia kila mara kwa Kassimu, mtoto mkubwa, aliyekuwa Kisangani. Mzee alijivuna kwamba babu yake alikwenda Manyema na misafara kwa miguu, mzigo kichwani, na kwamba Kassimu ameifuata njia ile ile kwa treni na meli, akauza vitenge, akaoa huko huko. "Njia ya wazee haijafungwa," alisema. Athumani alimjibu kwa upole kwamba njia haikatazi mtu kuandika barua. Mimi upande wa pili wa ukuta nilicheka peke yangu.

Mwanzo wa kiangazi Mzee Feruzi alishikwa na kifua, na kifua kikakataa kuondoka. Alhamisi moja nilikuwa na zamu ya jioni. Niliporudi, isha ikiwa inakaribia, niliwakuta majirani wakiingia mbio na Bi. Mwajuma amekaa chini sakafuni, ushungi umemwanguka. Nikauliza mzee ameaga saa ngapi, maana kazi ilikuwa imeshaniharibu, nauliza saa kabla ya kutoa pole. "Sasa hivi," jirani akanijibu, na kila aliyefika akauliza, na kila mmoja akajibiwa vivyo hivyo. Akazikwa Ijumaa baada ya swala, watu wengi. Matanga hayajapoa vizuri akaja karani mmoja wa treni ya Kigoma, mtu aliyefahamiana na familia, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Alikuwa amepewa habari na wasafiri wa meli: Kassimu amefariki Kisangani kwa homa, Alhamisi, kabla ya magharibi. Alhamisi ile ile. Bi. Mwajuma, ambaye alikuwa ameshaingia eda ya mumewe, hakulia. Alisema tu, "Kumbe alitangulia kumpokea baba yake." Watu wakaliokota neno hilo, wakalirudia, nalo likawa ndilo faraja ya nyumba. Mtoto alikwenda alasiri, baba akamfuata usiku. Hakuna aliyefikiri kwamba ndani ya faraja hiyo kuna hukumu.

Hukumu ilifika na Zuhura, mjane wa Kassimu. Alipomaliza eda yake kule Kisangani alifunga safari na binti zake wawili, kwa gari, kwa reli, kwa meli mpaka Kigoma, kisha treni, akatushukia katikati ya Ramadhani akiwa mwembamba, na swaumu yake hajaiacha hata njiani. Mwanaisha alikuwa na kimo cha meza. Mdogo alibebwa. Bi. Mwajuma aliwapokea kwa kuwanusa vichwa, mmoja mmoja. Zuhura aliongea Kiswahili cha kwao, kinachovuta maneno, nasi tulikipenda mara moja. Mkononi alivaa saa ya kiume iliyomlegea, ya marehemu. Kila asubuhi aliitia ufunguo, lakini hakuigusa mishale. Nikamwambia, kwa kiherehere changu, kwamba saa yake iko nyuma kwa saa nzima, nimsaidie kuirekebisha. Akauficha mkono ndani ya kitenge. "Hapana, dada. Hii inahesabu yake, ile ya kule alipoiacha," akasema. "Ikihesabu ya huku haitakuwa yake tena."

Siku chache baadaye, alasiri, nikiwa nimejilaza chumbani, nilisikia juu ya ukuta sauti ya Sheikh Mbaruku, mwalimu wa madrasa ya mtaa, akizungumza na Athumani habari za mirathi. Sheikh alikuwa na sauti ya mtu anayetamani jibu liwe jingine. Alisema mtoto akifa kabla ya baba, wanawe hawamrithi babu ikiwa babu ameacha mtoto mwingine wa kiume. Na ikiwa haijulikani nani alitangulia, hawarithiani vilevile. Inatakiwa yakini. "Na hapa yakini ipo," akasema, "ila ipo upande wako. Kassimu ni Alhamisi, kabla ya magharibi. Mzee ni usiku wa Ijumaa, baada ya magharibi. Ni siku mbili mbalimbali." Athumani alikuwa amechumbia kijijini Kwihara, na chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho alichokuwa amewaahidi wakwe. "Mimi sina ubaya na shemeji," akasema mwishowe. "Atakaa tu na watoto. Nani atamfukuza?" Sheikh akamwuliza atakaa kama nani.

Zuhura naye alikuwa amesikia, maana kuta zilikuwa za watu wote. Kesho yake tukichambua mchele uani alinieleza bila kulalamika, akitupa chuya pembeni. Kwao hakuna tena mtu. Duka la Kassimu lilikwenda na ugonjwa wake. Alikuwa amewaambia wanawe njia nzima kwamba wanakwenda nyumbani kwao. "Shemeji ni mtu mwema, ninamuona," akasema. "Lakini nikikaa kwa wema wake, siku ataleta mke, na mke akichoka kuona sufuria yangu, mimi nitasema nini? Nitasema nina haki gani?" Nikamuuliza Kassimu alikufa vipi hasa. Akaniambia alikata roho jua likiwa bado juu ya miti ya mto, likiwa limebaki kidogo sana, na kwamba adhana ilipotoka alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumfunga kidevu kwa khanga. Sikuona chochote ndani ya maneno hayo. Nilikuwa nafanya kazi chini ya saa ya Greenwich kila siku ya Mungu, na sikuona chochote.

Aliyenionyesha ni redio ya jirani. Jioni hiyo futari ilikuwa imeshapangwa mkekani, uji wa pilipili manga, viazi vitamu, maharage ya nazi. Redio ikatoa adhana ya magharibi kutoka Dar es Salaam. Mwanaisha, aliyetaka kufunga kama wakubwa na alikuwa ameshinda na njaa tangu adhuhuri, akanyoosha mkono kwenye tende. Bi. Mwajuma akamdaka kiganja. "Hiyo ya Dar," akasema. "Wao kwao limeshazama. La kwetu bado lile pale, huoni?" Hilo kila mtoto wa Tabora hulijua kabla hajajua kusoma, kwamba hufungui kwa redio. Nilikuwa nimelisikia kila jioni ya mwezi ule. Lakini jioni hiyo nilimtazama Mwanaisha na kiganja chake kilichodakwa, nikamtazama mama yake, aliyetoka mbali zaidi upande ule jua linakokwenda. Nikasema, "Bi. Mwajuma, na wa Kisangani, jua likizama hapa, wao wanalo bado?" Akanijibu bila kufikiri, "Watakosaje kuwa nalo? Si liko njiani linakwenda kwao." Kisha akaushusha mkono wa mtoto polepole. Nikaona limemfika. Adhana yetu ikatoka, tukafungua, na yeye alikunywa uji kidogo tu.

Sikuwa na adabu ya kunyamaza, lakini nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba mpangaji, tena msichana, tena Mkristo, haingii kwenye mirathi ya watu. Bi. Mwajuma ndiye aliyemwita Sheikh Mbaruku, akaniamuru niseme. Nikasema. Nilitegemea anikatize niliposema kwamba kabla ya magharibi ya Kisangani inaweza kuwa baada ya magharibi ya hapa, badala yake alivuta kigoda karibu na kuniuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuulizwa kazini. Je, tofauti hiyo ni ile ile mwaka mzima? Nikamjibu hapana, hupungua na kuongezeka kidogo, na kwamba katika ule mwezi wa kiangazi walipokufa huwa kubwa zaidi kuliko sasa. Je, nina hakika, au nimesoma? Nikakiri nimesoma. Akatabasamu. "Kusoma si vibaya," akasema, "lakini mimi nataka mtu aliyeliona jua hilo kwa macho yake huko na huku." Tukageuka sote kumtazama Zuhura, na Zuhura akautoa mkono wake ndani ya kitenge.

Sikulala vizuri kwa furaha, nakiri, na furaha hiyo haikuwa ya Zuhura peke yake. Saa iliyokataa kurekebishwa ndiyo tuliyoihitaji. Jioni iliyofuata tulikaa barazani, sheikh, Bi. Mwajuma ndani ya mlango, Athumani nyuma ya cherehani yake, Zuhura katikati. Zuhura akasema kwao magharibi huadhiniwa mshale mfupi ukiwa umeifikia sita na mrefu umeanza kuipita kumi na mbili. Adhana ya Isevya ikatoka. Tukainama juu ya mkono wake. Mshale mfupi ulikuwa bado haujafika sita, na mrefu ulikuwa na safari ya kutosha mtu kuchota maji kisimani na kurudi. "Kwetu saa hii watoto bado wanacheza mpira," Zuhura akasema. Sheikh akatoa pingamizi la haki, kwamba saa za mkono huchelewa. Nikaomba niipeleke kazini. Alinivulia yeye mwenyewe, akanishikisha kama anayekabidhi yai. Niliilinganisha na ile ya ukutani: ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili, kama inavyopasa kuwa kule, na ilikuwa imepungua kiasi kidogo kisichoweza kubadili kitu. Nikatazama na majedwali ya jua yaliyokuwa kabatini, ya mwezi ule wa kiangazi. Tofauti ya magharibi mbili ilipita nusu saa kwa wazi kabisa.

Tangu hapo kazi yangu yote imekuwa kurudia jambo lile. Chukua kila saa, uliza ni ya wapi, ipeleke kwenye saa moja ambayo haiguswi na mtu, ndipo ulinganishe. Ukimaliza, mrudishie kila mwenyewe ya kwao, kwa sababu ndiyo anayoishi nayo. Lakini kuna la pili, ambalo vijana hulisahau zaidi, na ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau nilipokuwa nikitembea haraka kutoka uwanja wa ndege na saa ya marehemu kwenye leso, najiona nimeshinda.

Sheikh alikuja alasiri, akakaa ukumbini. Aliisikiliza hesabu yangu mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu ya Greenwich kwa sababu ilimpendeza. "Binti, hesabu yako naikubali yote," akasema. "Kabla yako nilikuwa napima magharibi mbili kama magharibi moja, na hilo ni kosa langu. Ila haifiki. Umenipa nusu saa na kidogo. Mzee Feruzi hakufa magharibi. Mimi niliswalisha jioni ile, nikapita hapa barazani nikirudi nyumbani, nyumba imetulia, hakuna kilio. Nilipoitwa ilikuwa inakaribia isha. Nusu saa yako imekwisha zamani, na Kassimu ameshafungwa kidevu. Mtoto bado ndiye aliyetangulia." Akamgeukia Bi. Mwajuma. "Ndivyo, mama?"

"Ndivyo," Bi. Mwajuma akasema. "Niliitwa nikaenda, nikamkuta bado ana joto. Isha ilikuwa haijaadhiniwa."

Nikahesabu tena kichwani, mara mbili, nikakuta sheikh ana haki. Zuhura hakulalamika. Alimshika binti yake mdogo aliyekuwa akitambaa kuelekea mlangoni, akamvuta mapajani, akaanza kumfunga vifungo vya gauni ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. "Tumeshukuru," akasema. "Mlitafuta." Nilitamani ardhi inimeze, maana ni mimi niliyempa tumaini ambalo hakuniomba.

Athumani alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Ndani ya nyumba ile hakuna mtu aliyekuwa na habari ya kumpinga, na yeye alilijua hilo kuliko sote. Angeweza kukaa kimya tu, wala usingekuwa uongo.

"Sheikh," akasema, "hiyo ni saa mliyoambiwa. Si saa aliyokufa."

Sheikh akamgeukia.

"Adhana ya magharibi ilikuwa inatoka. Baba alikuwa anaiitikia, mimi nimemwegemeza kifuani. Hakuifikisha mwisho. Nilitoka barazani kutafuta mtu, njia nyeupe, wote mko kwenye swala. Nikarudi ndani."

"Athumani," sheikh akasema taratibu, "unajua unachokisema? Uko tayari kukiapia?"

"Najua. Nitakiapia. Kwihara nitawaeleza mwenyewe."

Sheikh Mbaruku akahesabu, midomo ikicheza. Kisha akamtazama Zuhura moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike. "Mama Mwanaisha, mumeo alikuwa hai baba yake alipofariki. Kwa muda mdogo, lakini alikuwa hai. Amemrithi, na wewe na wanao mmemrithi yeye. Hukai hapa kwa wema wa mtu." Zuhura akamwinamia mtoto, akalia, na Mwanaisha, ambaye hakuelewa chochote, akaanza kulia kwa sababu mama yake analia. Nami nililia, sitaki kusema sikulia.

Bi. Mwajuma peke yake alikuwa mkavu. Alikuwa akimtazama Athumani, na nilijua kwamba lile neno lake la kupokewa, alilojishikiza nalo tangu kiangazi, lilikuwa limemponyoka mbele ya macho yetu.

"Ulikaa naye peke yako," akasema. "Magharibi mpaka isha."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nipo chumba cha pili. Mbona hukuniita?"

Athumani akatazama juu, pale ukuta ulipoishia kabla ya kufika kwenye bati.

"Ulikuwa unamsomea Yasini apone," akasema. "Nilikuwa nakusikia. Nikasema akiimaliza nitamwita. Ukaimaliza, ukaanza tena."

Bi. Mwajuma aliuvuta ushungi wake mbele, akaushika chini ya kidevu kwa mikono miwili.

"Niliisoma mara tatu," akasema.

"Najua, mama. Tulikuwa tunakusikiliza wote wawili."